Na mama yake akamwachia?

Nilikuwa nimefika penye utamu wa hadithi. Scarlett yuko kliniki, mama yake kampeleka mimba ikatolewe, na dakika za mwisho msichana anageuza nia. Anayemwita si ndugu wala shangazi. Anamwita Halley, shoga yake, ambaye saa hizo yuko skuli. Halley anatoka bila ruhusa, anatafuta gari, anakwenda kumchukua.

Nikatua kidogo, nione nyuso zao.

Tulikuwa kwenye baraza ya nyumba yetu Wete, Jumamosi baada ya laasiri, mkeka umetandikwa, wasichana wa kidato cha pili na cha tatu wanaokuja kusoma na kusimuliana. Aliyesema ni yule ambaye kwa kawaida hasemi, anayekuja na kofia yake ya kushona na kuinamia sindano mpaka tunaondoka. Hata kichwa hakuinua.

"Na mama yake yule shoga akamwachia?"

"Akamwachia nini?"

"Aendelee kuwa naye. Na mwenziwe ana mimba."

Nikasema, kule Marekani bwana. Wakacheka, nikacheka nao, hadithi ikaendelea mpaka adhana ya magharibi.

Wiki zimepita na swali lile bado limenikwama kooni.

Mama wa Halley

Kitabu ni Someone Like You cha Sarah Dessen, cha mwaka 1998. Kina umri mkubwa kuliko msichana yeyote aliyekuwa mkekani, lakini sijaona riwaya ya vijana inayokaa karibu na marafiki wawili na mimba moja kama hiyo. Michael, aliyempa Scarlett mimba, amekufa kwa ajali ya pikipiki kabla ya kujua lolote. Scarlett anabaki na tumbo. Anayesimulia ni Halley.

Nilikirudia chote nikimtafuta mtu mmoja tu, mama yake Halley. Huyu ni mwanasaikolojia, kulea vijana ndiyo kazi yake, na katika kitabu kizima haelewani na binti yake. Lakini vita vyao ni juu ya mvulana anayeitwa Macon. Juu ya Scarlett hawana ugomvi wa maana. Scarlett anaingia na kutoka, tumbo linakua, na mama hamvuti Halley pembeni kumwambia: leo mwisho, nisikuone naye.

Maneno hayo mimi nayajua mpaka na sauti yake.

Kwetu hutangulia kila kitu. Kabla sheha hajaitwa, kabla wazee wa mvulana hawajaulizwa, kabla hata haijajulikana kama itafungwa ndoa ya mkeka au kijana keshapandishwa boti kwenda Unguja au Tanga, mama wa shoga ameshamkalisha mwanawe chini. Samaki mmoja akioza. Hana haja ya kuimaliza methali. Wala si roho mbaya, ni hesabu. Msichana ana jina, jina ndilo linaloleta posa, na jina huambukizwa mchana kweupe, kwa kuonekana tu mmefuatana njia moja kutoka skuli.

Kwa hivyo yule mshona kofia hakuwa akiuliza habari za Marekani. Aliuliza juu ya kitu ambacho mwandishi hakuona haja ya kukieleza, na ambacho kwake yeye ndiyo hadithi yenyewe.

Suzi tulimwacha wapi

Aliyesoma skuli nchi hii hahitaji kusimuliwa Kilio Chetu. Joti, Suzi, mimba, UKIMWI, wazazi wanaobishana kama watoto waambiwe au wasiambiwe. Tuliiigiza, tukaiandikia insha, tukaijibu kwenye mtihani. Ninachojiuliza sasa hakikuwamo katika maswali yale. Baada ya Joti kufa, nani alikaa na Suzi? Nani alimpelekea daftari anakili aliyoyakosa? Tamthilia ile ina kazi yake ya kuonya. Inaifanya, halafu inaondoka.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, ilipigwa marufuku skuli kwa muda, na ukiisoma unaona kilichowatisha wakubwa. Ni kitabu cha ujasiri. Lakini Rosa naye mwisho wake ni kaburi.

Hivyo ndivyo tulivyozoea. Mimba ya msichana ni sura ya mwisho. Baada yake kuna kifo, kuna kutoroka, au kuna ndoa, halafu jalada la nyuma. Na rafiki, akiwepo, kazi yake ni ya sura za mwanzo. Ndiye aliyemfundisha kujipamba, ndiye aliyemwonyesha njia ya disko, ndiye aliyebeba barua. Tukifika kwenye tumbo hayupo tena. Sidhani kama waandishi walimsahau. Nadhani walimwandika kama walivyomwona: mama yake keshamwita ndani.

Katika hesabu hii mtu mmoja tu ndiye anayenivuruga, naye ni Mwajuma wa Vuta N'kuvute. Yasmin, msichana wa miaka 15 aliyeozwa Raza, mtu mzima wa kumzaa, anaikimbia ndoa, jamaa zake hawamtaki tena, na Mwajuma wa Ng'ambo anampokea. Si kisa cha mimba, lakini aibu ni ile ile. Shafi Adam Shafi kamwandika Mwajuma kwa mapenzi makubwa, hata unatamani angekuwa jirani yako. Ila mtazame vizuri. Ni mwanamke anayejitegemea, hana mama wa kumwita ndani, na jina lake watu walishalimaliza siku nyingi.

Anamfungulia mwenziwe mlango kwa sababu yeye mwenyewe hana cha kupoteza.

Kumbe na huko lipo

Kuna kundi zima la riwaya za Kimarekani za miaka ya karibuni ambamo marafiki wawili wanafunga safari ndefu ya gari kwenda jimbo jingine kutoa mimba, kwa kuwa sheria za kwao zimewabana. Unpregnant ya Jenni Hendriks na Ted Caplan, ya 2019, ni mojawapo: Veronica, mwanafunzi bora, kutoka Missouri hadi Albuquerque. Barazani sijaisimulia, wala sitaisimulia. Mama zao wameniamini, na dini na sheria ya nchi zina msimamo wao ambao si wa kuchezewa na mimi Jumamosi jioni. Lakini kuisoma nimeisoma.

Veronica ana marafiki wa sifa, watoto wa alama za juu kama yeye. Hawaambii, anawaogopa. Anayempeleka ni Bailey, rafiki waliyeachana zamani, ambaye skuli nzima inamwona kituko.

Mwajuma huyo, kapewa gari!

Kumbe jina na huko lipo. Linahesabiwa kwa alama za mtihani na picha za kwenye simu badala ya posa, lakini lipo, na mwenye nalo akipatwa haendi kwa mwenye nalo mwenziwe. Anakwenda kwa aliyekwisha kulipoteza.

Jambo hili lilinikosesha raha kuliko swali lenyewe. Yule msichana wa kofia analo jina. Aliyekuwa amekaa ubavuni mwake, wakigawana uzi, analo pia. Ikiwa hadithi za kwao na za kwetu zinakubaliana kwamba msaada hutoka kwa asiye na cha kupoteza, basi wao wawili hawamo katika hadithi yoyote. Hawajaandikwa.

Mimba ya mmoja, funzo la mwingine

Nikaanza na kumtilia shaka Halley mwenyewe. Kitabu ni chake. Scarlett anatapika, anavimba, anasemwa, na wakati huo wote anayekua ni Halley. Uchungu unamshika Scarlett usiku wa dansi ya skuli, na Halley yuko hospitali na gauni lake la sherehe. Ni sura nzuri, mimi huniliza kila mara. Lakini anayezaa ni mmoja na anayepata busara ni mwingine.

Na sisi tunafanya hivyo hivyo, bila hayo mapenzi ya Halley. Wanafunzi wamepangwa mstarini asubuhi, mwalimu anauliza: "Mmemwona mwenzenu?" Hamtaji mtu, na hakuna asiyejua. Msichana keshageuzwa kuwa mfano. Anabebeshwa mtoto, na juu yake anabebeshwa funzo la skuli nzima.

Kwa sababu hiyo Jumamosi nyingine niliwasimulia With the Fire on High ya Elizabeth Acevedo, ya 2019. Pale anayesema ni mama mwenyewe. Emoni anaishi Philadelphia na bibi yake, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na kitabu kinapoanza mimba ni habari ya zamani. Mtoto ana miaka miwili. Kilichobaki ni basi la asubuhi, kazi ya baada ya masomo, baba wa mtoto anayekuja kumchukua mwishoni mwa wiki, na darasa la upishi ambalo Emoni analitaka kuliko kitu chochote. Ana mkono. Akigusa chakula watu wanakumbuka walikotoka.

Wasichana walinikatiza kila dakika. Kapika nini? Viungo gani? Huyo mtoto analelewa na nani akienda kusoma?

"Na bibi."

"Aa, kama huku."

Hilo kama huku lilinifurahisha kuliko sifa yoyote ya kitabu. Pemba imejaa watoto wanaolelewa na bibi, wengine wanamwita bibi mama na mama yao wanamwita dada, na hakuna mwandishi wetu aliyeona hapo pana riwaya ya vijana. Emoni naye ana shoga, Angelica, lakini huyu hakuwekwa pale atazame tumbo. Ana mapenzi yake, ana mipango yake, wanataniana, wanagombana, wanapatana. Miaka miwili imepita na bado yupo. Nilisubiri mmoja wao aulize kama mama wa Angelica alimwachia. Hakuuliza mtu. Walikuwa wanabishana juu ya kitunguu saumu.

Nikajiuliza kama siri ni hapo, katika kuanza kuchelewa. Ukianzia kwenye mimba, kila mtu anakuwa hakimu, msomaji akiwemo. Ukianzia mtoto akiwa anakimbia uani, hukumu imeshapoa na maisha yanataka kuendeshwa.

Lakini kuchelewa nako kuna gharama yake. Miezi ile tisa ni ya hatari kweli, si ya masengenyo tu. Shirika la Afya Duniani linahesabu matatizo ya mimba na uzazi miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Angela Johnson hakuikwepa hatari hiyo. Katika The First Part Last, ya 2003, Bobby, mvulana wa miaka 16 wa New York, anamlea binti yake mchanga peke yake, na sura zinapokezana sasa na zamani mpaka unapojua kilichompata Nia, mama wa mtoto: kifafa cha mimba, na usingizi asioamka. Rafiki zake wawili Bobby wanakuja, wanakaa, hawajui la kufanya na mikono yao. Nilipokuwa nakisoma nilimfikiria kijana wetu aliyepandishwa boti. Marafiki zake nao hubaki gatini hawajui la kusema, na hadithi yao haijasimuliwa na yeyote.

Sheria imepita, dawati bado

Mtu ataniambia mambo yamebadilika, na kweli yamebadilika. Sheria ya Zanzibar ya 1985 ilikuwa ikimpeleka jela msichana aliyepata mimba bila ndoa. Ya 2005 ikaiondoa hiyo, jela ikageuka kazi za jamii. Bara mlango wa skuli kwa waliopata mimba ulikazwa kwa kauli ya rais ya 2017 na ukafunguliwa Novemba 2021. Sisi huku tulikuwa tumeshaufungua.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu ananiambia wachache wanaorudi huomba kuhamishwa. Hawakatazwi skuli yao ya zamani. Hawataki tu kuingia darasa ambalo wanajua mapema dawati watakalokaa, na kwamba watakaa peke yao.

Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta Tanzania nzima wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Visiwani ni wachache zaidi, na tunajisifu. Uchache huo una ukali wake. Palipo na wengi, msichana ana wenziwe wa kwenda nao kliniki. Kwetu anakuwa yule mmoja, anayejulikana kutoka Konde hadi Mkoani kwa jina la baba yake.

Mlango wa uani

Mwishowe nikampelekea swali mama mkubwa. Nilimkuta anachambua karafuu, nikakaa nikamsaidia, nikamsimulia Halley na Scarlett tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri, akauliza mtoto aliitwaje. Nikamkumbusha kisa cha shoga wa mwanawe, cha miaka hiyo, ambacho nyumbani kwetu kilikuwa kinazungumzwa kwa macho.

"Wewe ulimwachia?" nikamuuliza.

"Nilimwambia nisikuone naye."

"Basi ulimkataza."

"Nilimwambia nisikuone." Akaendelea kuchambua. "Nilimwambia usende?"

Kumbe mwanawe alikuwa akienda kila usiku baada ya isha, kwa mlango wa uani, na mama mkubwa alikuwa akijilaza mapema kuliko desturi yake. Jikoni kulibaki chakula kilichofunikwa, kingi kuliko haja ya nyumba, na asubuhi sufuria iko tupu na hapaulizwi kitu. Aliyajua yote. Ila hakuyaona.

Nilitoka pale nimefurahi. Nikajiambia jibu ndilo hili, na ni letu, halikutoka kwenye kitabu cha mtu: hapa mama humwachia mwanawe kwa kutotazama. Stara si ya kufunika aibu peke yake. Inaweza pia kufunika wema.

Furaha ile haikudumu. Wale wasichana wawili mchana walipitana njiani kama hawajuani, na yule mja mzito alikula chakula cha mama mkubwa gizani, baada ya isha, kama mtu anayeficha wizi. Nilirudi kumuuliza kama hilo lilimuumiza yule mtoto wa watu.

"Lilimuuma," akasema. "Ulidhani vipi?"

Hakujitetea, wala hakuomba radhi. Kwa hesabu yake, mwanawe aliolewa vizuri na shoga yake hakulala njaa. Mimi bado nagombana na hesabu hiyo, na sina uhakika kama ningekuwa mimi mwenye binti ningeipiga tofauti.

Kurasa za mwanzo

Nina rafiki Unguja anayeandika riwaya ya vijana kwa Kiswahili, ya visiwani, juu ya jambo hili. Ni kazi ya upweke. Tuzo ya Burt, iliyotia nguvu sana uandishi wa vijana Tanzania, ilizitaka hadithi hizo kwa Kiingereza, na wachapishaji hupenda tamthilia fupi itakayoingia mtihani. Tunabishana kwa sauti za WhatsApp, ndefu kama hotuba.

Yeye anataka kuanza siku mimba ilipojulikana. Mimi namwambia aanze mtoto akiwa anatembea. Yeye anataka asimulie shoga, kwa kuwa shoga ndiye anayeuona mlango wa mbele na wa uani. Mimi naogopa tutarudi kwa Halley, mmoja azae mwingine apate akili. Ananijibu kwamba mama mjamzito wa miaka 16 Pemba hana muda wa kusimulia. Hapo huwa sina neno, nabadilisha mazungumzo.

Tunakubaliana juu ya mama wa shoga. Lazima awemo, awe na sura yake, na asiwe katili. Sura ninayoitaka mimi ni ya siku anapoamua kumtuma mwanawe mchana, kwa njia kubwa, mbele ya baraza za watu, na sahani mkononi. Rafiki yangu anasema hakuna mama wa Pemba atakayefanya hivyo na msomaji hataamini. Nikamwambia basi iandike mpaka aamini.

Kurasa za mwanzo ameniletea juzi. Ni nzuri, bahari anaijua. Shoga anaitwa Rukia, anapenda fizikia na ana deni la vocha dukani. Mwenye mimba mpaka ukurasa wa mwisho alionipa anaitwa "yule msichana". Nimemwandikia pembeni kwa wino mwekundu: huyu naye mpe jina, na somo analolipenda, kabla hujampa tumbo.